Programu ya kumkumbusha mama matone ya macho: nianzie Android au iPhone?

Nuru_ya_Jioni

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimelizungukia wiki tatu, na kila ninaposoma navutwa upande mwingine, kwa hiyo nalileta kwenu kama lilivyo.

Mama yangu ana glakoma. Anatumia chupa mbili za matone ya macho. Asubuhi ni ile ya kifuniko cha njano peke yake. Usiku ni ya njano, kisha ya kifuniko cha kijani, na katikati daktari alisema zipite angalau dakika 5, kwa sababu tone la pili likiwahi linaliosha la kwanza kabla halijaingia. Kengele ya kawaida ya simu tulishaijaribu. Inalia, mama anaizima, anamalizia alichokuwa akifanya, na baada ya nusu saa hakumbuki kama aliweka matone au alizima kengele tu. Anaogopa kurudia, basi anaacha. Glakoma hii haiumi, na uoni uliopotea haurudi. Ndicho kinachoninyima usingizi.

Nataka kumtengenezea programu ndogo. Ilie kwa saa yake hata kama skrini imezimwa. Ioneshe picha kubwa ya chupa yenye rangi yake. Mama akibonyeza "Nimeweka", ihesabu dakika 5 yenyewe halafu iite chupa ya pili. Na iandike kila tone, tarehe na saa, ili akiwa na shaka afungue aone. Basi. Sitaki akaunti, sitaki matangazo, na siiuzi.

Mimi ni mhasibu. Lugha ya programu ya Python nilijifunza mwenyewe nyakati za jioni ili kupunguza kazi ya lahajedwali, sasa ni miaka miwili. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja, naiweza kiasi. Nina kompyuta mpakato ya Windows yenye RAM ya GB 8. Simu yangu ni iPhone, ya mama ni Android 13. Muda wangu ni saa moja usiku, siku nne kwa wiki.

Mwenzangu kazini ananiambia Swift, lugha ya kuandikia programu za iPhone, ni safi na nitumie simu niliyo nayo mfukoni. Mwingine anasema nichukue Flutter, niandike mara moja nipate mifumo yote miwili. Nimesoma pia kwamba Android huziua programu zikiwa zimelala, na hilo limenitia hofu kuliko yote. Je, nianzie wapi? Na je, Python yangu inaweza kunifikisha?

swift_kila_siku

Pole kwa kuuguza, dada. Mimi naandikia iPhone tu, tangu Swift ilipotangazwa mwaka 2014, na sijawahi kujuta. Mwenzako ana hoja: programu unayoibeba mwenyewe mfukoni utaitengeneza vizuri zaidi, kwa sababu kasoro zake zitakuudhi wewe kwanza. SwiftUI, zana ya Apple ya kuunda skrini, ambayo imekuwepo tangu 2019, inakuonesha skrini huku unaandika, na skrini ya chupa moja na kitufe kimoja ni kazi ya jioni mbili.

Kikwazo chako ni kompyuta. Xcode, programu ya kutengenezea programu za iPhone, inafanya kazi kwenye macOS peke yake, yaani kwenye kompyuta za Mac. Ukipata Mac iliyotumika, unaweza kuweka programu kwenye simu bila kulipia, kwa Apple ID ya kawaida, ila inaisha muda wake baada ya siku 7 na lazima uiweke tena kwa Xcode. Ili iondokane na hilo unalipa dola 99 kila mwaka. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta Mac, nikampa mama iPhone, na nisingehangaika na betri za Android hata siku moja.

fundi_saa

Nuru, nimekusoma mara mbili. Natengeneza programu kwa mapenzi tu, huu mwaka wa kumi na tatu, nyingi za kupima saa za mshale zinavyochelewa na kuwahi. Nitakueleza ninavyoamua mwenyewe.

Wengi huanza na lugha. Mimi naanza na kile kitu kimoja ambacho programu isipokifanya haina maana. Kwako ni kulia kwa saa. Picha ya chupa, kitufe, rekodi, hayo kila mfumo unayaweza. Lakini kulia saa tatu usiku huku simu imelazwa mezani tangu mchana bila kuguswa, hapo ndipo mifumo inapoachana.

Android tangu toleo la 6.0, mwaka 2015, ina tabia ya kusinzia. Simu ikikaa kimya bila kuchomekwa kwenye chaji, mfumo unazikusanya kazi za programu zote na kuziruhusu kwa vipindi, na kipindi kinazidi kuwa mbali kadiri simu inavyolala. Ukiandika kengele kwa njia ya kawaida, ya saa tatu inaweza kulia saa tatu na nusu, au mama anapoishika simu. Uliposoma kwamba Android inaua programu, sehemu kubwa ilikuwa hii. Mlango upo, na ni halali: ndani ya AlarmManager, sehemu ya Android inayopanga kengele, kuna amri ya setAlarmClock. Ukipita hapo, mfumo unaihesabu kengele yako kuwa sawa na saa ya kuamsha, na unaamka kwa ajili yake. Tangu Android 12 kengele ya dakika kamili inahitaji ruhusa. Kwenye 13 ya mama ipo ruhusa ya USE_EXACT_ALARM, ambayo programu za kengele zinaipata tu zinapowekwa, bila mama kuulizwa kitu. Arifa ni jambo jingine: kuanzia hiyo hiyo 13 lazima uiombe ruhusa yake na mtu aikubali, kwa hiyo siku ya kwanza ikubali wewe mwenyewe ukiwa na simu mkononi.

iPhone inakwenda kwa njia nyingine. Unaukabidhi mfumo orodha ya arifa na saa zake, nao unazitoa kwa wakati hata programu yako ikiwa imezimwa. Ni ya kuaminika, na hapo swift_kila_siku yuko sahihi. Lakini sauti ya arifa haizidi sekunde 30, arifa zinazosubiri hazizidi 64, na simu ikiwekwa kimya, arifa nayo inakuwa kimya. Kengele ya kweli, inayopenya ukimya huo, imefunguliwa kwa waandishi wote wa programu mwaka 2025 tu, AlarmKit, zana ya Apple ya kengele, ilipokuja na iOS 26.

Sasa niseme ninachokiamini zaidi. Kumbadilishia simu mtu mwenye ugonjwa wa macho, aliyekwisha kuzoea vidole vyake viende wapi, ni kazi kubwa kuliko wewe kujifunza lugha mpya. Mama asijifunze kitu. Ajifunze mwanawe. Simu ya mama ni Android, basi mfumo wako ni Android, hata kama iPhone yako ingekuwa bora mara kumi.

Kuhusu lugha: zana za Kivy na BeeWare zipo, na kwa hizo Python yako inaweza kutoa programu ya Android. Ila kwa kengele utajikuta unaita vitu vya Android kupitia tabaka juu ya tabaka, na kosa likitokea hutajua liko tabaka lipi. Chukua lugha ya Kotlin. Google iliitangaza kuwa chaguo lake la kwanza kwa Android mwaka 2019, na mtu wa Python anaizoea upesi kuliko anavyodhani. Kitakachokusumbua siku za kwanza ni kwamba kila kitu kina aina yake na thamani tupu haipiti hovyo. Skrini ziandike kwa Jetpack Compose, zana ya Google ya kuunda skrini kwa Kotlin. Achana na mafunzo ya zamani yanayoanza na mafaili ya XML, njia ya awali ya kupanga skrini, utajifunza vitu viwili badala ya kimoja.

Flutter ni kazi nzuri na sina neno baya juu yake. Lakini haikuondolei hitaji la Mac kwa upande wa iPhone, na kengele yako itapita kwenye kiunganishi kilichoandikwa na mtu mwingine, ambacho chini yake ni AlarmManager ile ile. Programu ya skrini nne kwa mtu mmoja haihitaji mifumo miwili.

Kompyuta yenye GB 8 itaifungua Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, polepole. Usiwashe simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta, ndiyo itakayokula kumbukumbu yote. Tafuta simu ya Android iliyotumika, hata yenye kioo kilichopasuka, mradi ni ya mtengenezaji yule yule wa simu ya mama. Kwenye mipangilio bonyeza "Nambari ya muundo" mara 7, chaguo za wasanidi programu zitafunguka, washa utatuzi wa USB, chomeka waya.

Kwa nini mtengenezaji yule yule? Programu yangu ya saa inanikumbusha kila asubuhi saa 12 kulinganisha saa ya mkononi na saa ya intaneti. Kwenye simu yangu haikukosa. Kwenye simu ya mdogo wangu haikulia hata asubuhi moja, na kwa wiki mbili nilitafuta kosa kwenye msimbo wangu. Halikuwepo. Simu yake ilikuwa na msimamizi wa betri wa mtengenezaji, juu ya usinzi wa kawaida wa Android, na kila skrini ilipozimwa alizifunga kabisa programu asizozijua. Programu ikifungwa kwa nguvu hivyo, kengele zake zote zinafutwa. Dawa ilikuwa kwenye mipangilio ya betri: kuiruhusu programu hiyo bila kikomo. Ilichukua nusu dakika. Hutaliona jambo hili kwenye simu ya mtengenezaji mwingine hata ujaribu mwezi mzima.

Na lingine nililojifunza kwa uchungu. Programu yangu ya kwanza niliiandikia mfumo wa simu ambao leo haupo. Niliupenda, nikautolea jioni za miaka miwili, halafu ukafungwa. Skrini zote zilikufa nao. Kilichopona ni hesabu za kuchelewa kwa saa na faili la SQLite, kwa sababu kwa bahati nilikuwa nimeziweka kando. Tangu hapo nafanya makusudi. Na wewe kanuni zako ziweke kwenye faili lao, lisilo na mstari hata mmoja unaoitaja Android: sasa ni zamu ya chupa gani, je, dakika 5 zimepita, tone la mwisho lilikuwa saa ngapi. Faili hilo utalijaribu bila simu, kwenye kompyuta, kama ulivyozoea kwenye Python.

kivinjari_tu

Mimi kila mtu akiuliza Android au iPhone humjibu "wala moja, andika ukurasa wa wavuti". Ukurasa unaweza kuwekwa kwenye skrini ya kwanza, ukafunguka bila intaneti, na hudaiwi ada na duka lolote. Kwa rekodi, orodha, vikokotoo, ndiko ningekupeleka.

Kwako siwezi. Kivinjari hakina njia ya kuweka kengele ya saa tatu usiku ikalia huku ukurasa umefungwa na simu haina mtandao. Arifa za wavuti zinatumwa kutoka seva, maana yake uwe na seva iliyo hai kila usiku na mama awe na intaneti kila usiku. Macho ya mama yasitegemee hayo. Nakubaliana na fundi_saa.

swift_kila_siku

Nimesoma, na hoja ya simu ya mama nimeielewa. Nilimwaza anayeandika programu, sikumwaza anayeishika simu. Nuru, ila jambo moja: kila siku zijaribu skrini zako kwa saizi kubwa kabisa ya maandishi anayoitumia mama. Kwenye Compose tumia kipimo cha sp kwa maandishi yote ili yafuate mpangilio wake. Watu wengi huandika kwa macho yao mazima.

Nuru_ya_Jioni

Wakuu, zimepita wiki sita tangu niulize. Asanteni mno, na fundi_saa nakushukuru kwa namna ya pekee.

Nilipata simu iliyotumika ya mtengenezaji wa simu ya mama. Wiki mbili za kwanza zote ziliishia kwenye Kotlin na Gradle, zana inayoukusanya msimbo kuwa programu. Wiki ya tatu chupa ya njano ikaonekana kwenye skrini, nikaipiga picha nikamtumia mama. Kanuni ziko kwenye faili lao. Niliandika majaribio 11 ya faili hilo na moja lilinikamatia kosa zito: mama akibonyeza "Nimeweka" saa tano na dakika 58 usiku, tone la kijani lilihesabiwa la siku inayofuata, na usiku wa pili programu ikadhani lile la kijani limeshawekwa. Ningelijua lini hilo?

Msimamizi wa betri alikuwepo, vile vile ulivyoeleza. Usiku wa kwanza kengele haikulia. Niliiruhusu programu bila kikomo, usiku wa pili ikalia saa tatu kamili. Kisha simu ya mama ikaisha chaji mchana mmoja, ikawashwa jioni, na kengele ya usiku ikakosekana. Nikagundua kengele zote zinapotea simu ikizimwa, lazima programu isikilize BOOT_COMPLETED, taarifa ambayo Android huitoa simu ikishawaka, na kuzipanga upya. Hilo ningependa anayekuja nyuma yangu alijue mapema.

Mama amebadilisha mawili. Kitufe cha "Nimeweka" kilikuwa chini, akawa anakigusa kwa kiganja anapoinua simu, kwa hiyo sasa lazima kishikiliwe sekunde moja. Na wakati wa dakika 5 aliniambia hataki namba zinazorudi nyuma, zinamtia haraka. Anataka duara linalojaa taratibu. Tangu tubadilishe hivyo ana usiku 16 mfululizo bila tone kukosa. Nimezihesabu kwenye rekodi.

Sasa mama amewaonesha wenzake wawili kliniki, nao wanaitaka. Je, niipeleke Google Play?

fundi_saa

Nimesoma ya usiku 16 nikasimama kidogo. Hongera, na mpe mama salamu.

Kwa watu wawili, usiende dukani bado. Play ni dola 25 mara moja tu, hilo si tatizo. Ila akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 haiwezi kutoa programu kwa umma kabla ya kuijaribisha kwa watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Na kila mwaka duka linataka programu ielekezwe kwenye toleo jipya zaidi la Android, la sivyo masasisho yake hayapokelewi. Kwa saa zako nne za wiki, hiyo ni kazi ya kudumu. Wape mkononi faili la APK, lile linaloiweka programu kwenye simu bila kupitia duka, na kaa na kila mmoja kwenye mipangilio ya betri ya simu yake, maana kila mtengenezaji anaificha mahali pake.

Fuatilia jambo moja. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba hata programu zinazowekwa nje ya duka zitatakiwa ziwe za mwandishi wa programu aliyethibitishwa, kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne, Brazili, Indonesia, Singapuri na Thailandi, kisha kwingineko kuanzia 2027. Ilisema kutakuwa na aina ya akaunti kwa wanafunzi na wanaofanya kwa mapenzi. Watu wakizidi, tazama hiyo kwanza. Ukiwa tayari kuuweka msimbo wako wazi, lipo pia duka la F-Droid, ambalo linapokea programu huria tu.

Kabla ya yote hayo, usiku huu huu, nakili ufunguo wako wa kusaini, yaani faili la siri ambalo simu inalitumia kutambua kwamba sasisho limetoka kwako. Kama bado unaweka programu kwa kubonyeza tu kitufe cha kuendesha ndani ya Android Studio, ufunguo unaotumika ni ule wa majaribio, uliotengenezwa ndani ya kompyuta hiyo peke yake, kwenye folda ya .android. Kompyuta ikifa, kompyuta mpya itatengeneza wake, na simu ya mama itakataa sasisho lililosainiwa kwa ufunguo mwingine. Itabidi uiondoe programu na kuiweka upya, na ukiiondoa, rekodi ya matone inaondoka nayo. Tengeneza ufunguo wako wa kudumu, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Na kabla ya kuhamia ufunguo huo mpya, ongeza kitufe cha kutoa rekodi kama faili, uitoe rekodi ya mama, kisha ndiyo ubadilishe.

Nuru_ya_Jioni

Ni ule wa majaribio. Naandika kitufe cha kutoa rekodi sasa hivi, Jumamosi nakwenda kwa mama.